Nyumba ya babu Malindi: tuikarabati au tukajenge mpya?

  Huku Liverpool baridi inatutafuna mifupa. Najua nimekuwa kimya siku nyingi, na nimesikia wengine wanasema nimekimbia ahadi. Sikukimbia jamani. Nilikuwa nazunguka mitaani, nasoma na kuwauliza wazee wa hapa, kwa sababu lile suala la nyumba limeninyima usingizi na sikutaka kulijibu kwa pupa.

Kwa wale ambao habari hazijawafikia: nyumba ya babu (Mungu amrehemu) pale Malindi, Mji Mkongwe, imepasuka ukuta wa upande wa uchochoroni tangu masika yaliyopita, na dari ya chumba cha shangazi inavuja. Warithi tumeshakaa mara tatu kwa simu. Ami na vijana wanataka tuuze, halafu tukajenge Fuoni nyumba mpya wanayoiita rafiki wa mazingira: paneli za sola, tangi la maji ya mvua, matofali ya udongo yasiyochomwa moto. Shangazi kasema yeye mle ndani atatoka kwa jeneza tu. Na mie, mbele ya watu wote, niliahidi kutoa pesa za msingi na paa la hiyo nyumba mpya.

Leo nataka kuwaeleza kwa nini nimegeuka. Naombeni mnivumilie, maana jibu langu linapitia kwenye historia ya mji huu ninaoishi, na baadaye litavuka bahari lirudi Ng'ambo.

Nyumba tunazokaa huku wengi wetu ni za zamani kuliko mnavyodhani. Zilijengwa karne ya 19, wakati Liverpool ni bandari kubwa na watu wanamiminika kutafuta kazi. Zimeshikana ukuta kwa ukuta, mtaa mzima, kama mabehewa ya treni. Matofali mekundu, chokaa katikati, na paa la vigae vya mawe. Upande wa kusini wa mji, Toxteth, kuna mitaa inaitwa Welsh Streets kwa sababu waliojenga walikuwa mafundi kutoka Wales na mchoraji wa ramani alikuwa Mwelsh, Richard Owens. Mitaa yenyewe ikapewa majina ya kwao. Nyumba namba 9 ya mtaa wa Madryn ndipo alipozaliwa Ringo Starr, yule mpiga ngoma wa Beatles, mwaka 1940. Watalii wanakuja mpaka leo kupiga picha mlango.

Nisiwadanganye, nyumba hizo hazikuwa peponi. Choo kilikuwa uani, bafu hakuna, familia yenye watoto wanane inalala vyumba viwili. Moshi wa makaa ya mawe umetapakaa kila mahali. Kisha ikaja vita, na mabomu ya Mei 1941 yakauchana mji huu vibaya sana. Kwa hiyo serikali iliposema baada ya vita kuwa itavunja nyumba mbovu na kuwajengea watu mpya, wengi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1950 mpaka katikati ya 1970, Uingereza ilivunja zaidi ya nyumba milioni moja. Milioni moja! Liverpool ilikuwa mstari wa mbele. Watu walipakiwa kwenye malori wakapelekwa kwenye maghorofa marefu ya zege, au kwenye miji mipya nje kama Kirkby na Skelmersdale. Mzee mmoja jirani yangu aliniambia mama yake alilia kwa furaha siku alipofungua bomba la maji ya moto. Halafu akalia tena mwaka uliofuata, kwa sababu dada zake walikuwa wametawanywa kila mmoja upande wake na soko lilikuwa mbali kwa basi mbili.

Maghorofa yenyewe mengi hayakudumu. Tarehe 16 Mei 1968, London ya mashariki, mama mmoja aliwasha jiko la gesi asubuhi apike chai kwenye ghorofa ya 18 ya jengo jipya kabisa linaloitwa Ronan Point. Gesi ilikuwa imevuja. Ikalipuka, ikasukuma ukuta wa zege nje, na pembe nzima ya jengo ikashuka chini, ghorofa juu ya ghorofa. Walikufa watu wanne. Jengo lilikuwa halijamaliza hata miezi mitatu tangu watu wahamie. Mwaka uliofuata, 1969, ikapitishwa sheria ya kutoa ruzuku ili nyumba za zamani ziongezwe vyoo, mabafu na maji ya moto. Yaani baada ya kuvunja mitaa na mitaa ndipo likaulizwa swali: kwani choo hakiwezi kuongezwa?

Mngedhani somo limeeleweka. Wapi! Mwaka 2002 serikali ilianzisha mpango mwingine, ukaitwa Pathfinder, wa kuvunja tena nyumba za zamani katika miji ya kaskazini. Hoja safari hii ilikuwa soko, kwamba nyumba zimekosa wanunuzi na mitaa imekufa. Welsh Streets zikaorodheshwa kuvunjwa. Wakazi wakahamishwa, milango na madirisha yakapigiliwa mabati. Ukiacha nyumba bila mtu, bila moto wa kuikausha na bila wa kuziba vigae vilivyong'oka, miaka mitano tu inatosha kuifanya mbovu kweli, na hapo anayetaka kuivunja anasema "mnaona?" Mpango ulifutwa 2011, lakini halmashauri ya mji iliendelea kutaka kuvunja. Januari 2015 waziri akakataa. Baadaye ikaja kampuni ikazikarabati: mahali pengine nyumba mbili ndogo ziliunganishwa kuwa moja, vichochoro vya nyuma vikafanywa bustani, kuta zikawekewa kinga ili joto lisitoroke. Nimepita pale mara nyingi. Wapangaji wamejaa. Nyumba zile zile zilizosemwa hazifai!

Karibu na hapo, Granby, ni kisa kinachonigusa zaidi kwa sababu ni mtaa wa watu kama sisi: Wasomali, Wayemeni, Waafrika wa Magharibi, watu weusi waliozaliwa hapa hapa vizazi kadhaa. Baada ya machafuko ya Julai 1981 mtaa ulitelekezwa na nyumba nyingi zikavunjwa, ikabaki mitaa minne. Kina mama waliobaki walichoka kusubiri. Wakafagia wenyewe, wakapaka rangi madirisha yaliyozibwa, wakapanda maua kwenye vyungu na makopo, wakaanzisha gulio la kila mwezi. Mwaka 2011 wakaunda dhamana ya jamii ya kumiliki nyumba kwa pamoja, kitu kinachofanana kidogo na wakfu wetu. Kwa msaada wa wasanifu vijana wanaojiita Assemble wakakarabati nyumba kumi za mtaa wa Cairns, na mwaka 2015 kazi hiyo ikapewa tuzo ya Turner, ambayo kwa kawaida wanapewa wachoraji na wachongaji. Nyumba mbili zilizokuwa zimebomoka ndani, sakafu hakuna, hawakuzijaza sakafu tena. Wakaweka paa la kioo wakapanda miti ndani. Nilipoingia mara ya kwanza nilikumbuka ua wa nyumba ya babu, pale penye mkungumanga.

Sasa tuvuke bahari, maana miaka ile ile ya 1960 mambo haya haya yalikuwa yanatokea kwetu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, Mzee Karume alitaka mtu wa Ng'ambo naye akae nyumba bora yenye umeme na maji. Wajerumani Mashariki walikuja kusaidia, wakaanza na majumba ya Kikwajuni na Kilimani, na mwaka 1968 ukatengenezwa mpango mkubwa wa Ng'ambo nzima. Nyumba za miti na udongo zikavunjwa, barabara pana mbili zikakatiza, na kando yake yakasimama yale magorofa marefu ya Michenzani mnayoyaona. Karume aliuawa Aprili 1972, ujenzi ukaendelea polepole, na mpango wenyewe haukukamilika kama ulivyochorwa.

Bibi mzaa mama alipata nyumba Michenzani na aliipenda mpaka kufa kwake. Umeme, sakafu isiyoingia siafu, mlango wenye ufunguo! Lakini mie nakumbuka ngazi zile na ndoo ya maji kichwani, kwa sababu maji yalikuwa hayapandi juu. Na nakumbuka alivyokuwa akishuka jioni kwenda kukaa nje, kwa kuwa nyumba haina baraza. Namweleza bibi kwa sababu sitaki mtu aniambie nawasifu wazamani nikiwa nimekaa kwenye joto la gesi. Nyumba mpya ilimfaa. Ila angalieni ajabu hii: udongo na miti waliyovunja Ng'ambo wakiiona ni aibu, leo vijana wetu wanataka kuinunua Fuoni kwa jina la nyumba ya kijani, kwa bei ya juu.

Na wakati Ng'ambo inavunjwa, Mji Mkongwe ulikuwa unaoza. Wenye nyumba wengi walikimbia au walinyang'anywa baada ya 1964. Yetu ilinusurika, mnajua kisa chake. Nyingine walipangishwa watu kwa kodi ndogo na hakuna aliyeona kuwa ni kazi yake kuziba paa. Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe haikuundwa mpaka mwaka 1985, na UNESCO wakautia kwenye orodha yao mwaka 2000. Katikati hapo nyumba ngapi zimeanguka? Na Beit el-Ajaib je, jumba alilojenga Sayyid Barghash mwaka 1883? Sehemu yake iliporomoka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020 ukaanguka upande mzima wa mbele pamoja na mnara, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, wakafa watu wawili. Nililia siku ile, wallahi. Kwa hiyo ami, unaposema nyumba za mawe zinaua watu, sibishi. Nyumba iliyoachwa muda mrefu inaua.

Lakini kuna jambo moja ambalo nimejifunza kwa ukuta wangu mwenyewe, na ndilo lililonigeuza.

Nilipoinunua nyumba hii niliyomo, fundi mmoja wa hapa, jina lake nalihifadhi, alinishauri tuichokonoe chokaa yote ya zamani ya ukuta wa mbele na kujaza saruji, "imara zaidi". Pia aziba bomba za moshi zisipitishe baridi. Nikalipa, pesa nyingi tu. Msimu wa pili wa baridi nyuma ya kabati la watoto kukatoka ukungu mweusi, na mdogo akaanza kukohoa usiku kucha. Nikapiga rangi, ukungu ukarudi. Nikapiga tena. Mwishowe nikamwita mwashi mzee aliyestaafu, akagusa ukuta kwa kiganja, akacheka. Akaniambia ukuta wa tofali na chokaa unakunywa mvua kidogo na ukipata upepo unayatoa maji kupitia ile chokaa. Saruji haipitishi. Maji yakiingia kwenye ufa mmoja hayana pa kutokea ila ndani, kwa watoto wako. Tukaitoa saruji yote, tukarudisha chokaa, tukafungua bomba za moshi. Haikuchukua mwaka ukuta ukakauka.

Sasa fikirini nyumba ya babu. Ukuta wake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wake kama mkono kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya vidole. Chokaa yake ilichomwa kwenye tanuu, ikarowekwa. Juu kuna boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba: boriti haizidi futi tisa au kumi kwa urefu, na chumba hakiwezi kuzidi boriti. Hata Muscat nyumba za zamani zina vyumba vyembamba hivyo hivyo, maana boriti zao zilitoka kwetu, Rufiji na Lamu, kwa majahazi. Nyumba namna hiyo mchana inabaki baridi bila feni: ukuta mnene, dari ya juu, matundu juu ya milango, na uchochoro mwembamba unaoficha jua.

Na sisi tuliifanyia nini? Miaka ya 1990 tuliipiga plasta ya saruji nje na ndani, tukaona fahari. Saruji ilikuwa imeshakuwa rahisi kupatikana, kiwanda cha Wazo Hill kiko Dar tangu 1966. Tukajenga choo cha kuogea ghorofa ya juu, mahali ambapo babu hakuwahi kuweka maji. Tukapandisha tangi la lita elfu juu yake. Ule ufa wa uchochoroni uko chini ya nini? Chini ya tangi! Wala mie sijitoi, nilikuwa nimo, nilichangia pesa za mifuko ile ya saruji.

Kuhusu hiyo "rafiki wa mazingira", nimejaribu kuilewa bila upendeleo. Saruji peke yake inatoa kama asilimia 8 ya hewa ya ukaa yote inayotolewa na binadamu duniani, kwa sababu jiwe la chokaa linachomwa kwa moto wa nyuzi 1,450 hivi na jiwe lenyewe linatoa hewa hiyo likiungua. Nyumba mpya hata ikiwa na matofali ya udongo itataka msingi wa zege, nguzo, lenta na mabati. Nyumba ya babu moshi wake ulikwisha toka zamani. Nakiri nao haukuwa mdogo: tanuu za chokaa zilikula miti mingi, na mikoko ilikatwa mpaka Kenya ikapiga marufuku kuisafirisha nje mwaka 1982. Wazee hawakuwa malaika wa mazingira. Lakini miti ile haiwezi kukatwa upya kwa nyumba ambayo tayari imesimama.

Halafu sola si dawa ya kila kitu. Mwaka 2002 kusini mwa London walijenga mtaa wa nyumba mia moja, BedZED, uliosifiwa dunia nzima. Mtambo wake wa kuzalisha umeme na joto kwa vipande vya miti uliharibika baada ya miaka michache, wakarudi kwenye gesi. Nyumba zenyewe ni nzuri na watu wanazipenda, hilo ni kweli. Kilichowashinda ni mtambo na matengenezo yake. Nani atatengeneza mitambo yetu Fuoni betri ikifa? Na Fuoni kila siku ni daladala kwenda na kurudi, wakati shangazi anakwenda sokoni Darajani kwa miguu na samaki anawapata mlangoni pake.

Ami aliniambia, "Wewe uko nchi ambayo serikali inasaidia." Ami, samahani, huku ukijenga nyumba mpya kodi ya ongezeko la thamani ni sifuri, ukikarabati ya zamani kwa kawaida unalipa asilimia 20. Vitu vya kuhifadhi nishati tu ndivyo vilivyosamehewa kuanzia 2022, tena kwa muda. Hata hapa sheria inamsukuma mtu avunje.

Basi msimamo wangu ni huu. Pesa nilizoahidi zipo, sijazigusa. Nataka ziende kwanza kwenye paa na mifereji ya nyumba ya babu, kisha kwenye kutoa saruji na kurudisha chokaa, kwa fundi wa chokaa anayejulikana na Mamlaka ya Mji Mkongwe, na kwa kibali. Sola tunaweza kuiweka, nimeuliza, ila ni lazima wakubali inavyoonekana kutoka barabarani. Lakini kabla ya hayo fundi aangalie ukuta wa uchochoroni kwa timazi. Kama umetumbika nje na msingi umekwenda, na akasema haushikiki, basi nitamtetea ami mwenyewe mbele ya shangazi, na zile pesa zitakwenda Fuoni. Sitaki nyumba ya kumbukumbu imwangukie mtu.

Kuna mambo hayawezi kusubiri hata mkikataa yote niliyosema. Tangi lishushwe wiki hii, likae uani. Shangazi ahamie chumba cha chini. Mwambieni ni mimi nimeomba, na ni mpaka paa lizibwe tu. Asije mtu akaujaza ule ufa saruji, nawaomba sana. Na kijana mmoja apande na kisu, achome ncha za boriti pale zinapoingia ukutani, upande wa ufa, moja baada ya moja. Kisu kikiingia kama kwenye mkate, boriti hiyo imeoza. Azihesabu ngapi nzima na ngapi mbovu aniandikie.

Ami, nitakupigia Ijumaa baada ya sala. Usizime simu.